Lubumbashi–Kolwezi kwa gari la umeme: betri inatosha, kinachokosekana ni Likasi

Wanaosema kwamba gari la umeme haliwezi safari ndefu nchini Congo wana haki nusu. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilomita karibu 300. Gari la umeme lenye betri ya kadiri, kama yale yanayotoka China siku hizi, linaweza kuzimaliza. Lakini linafika baada ya dereva kuhesabu kila kilomita, na kuna mji mmoja njiani unaoshika hesabu yote. Kwa mwenye gari la esansi, Likasi ni fasi ya kununua maji na ndizi. Kwa mwenye gari la umeme, Likasi ndiyo inayoamua kama atalala Kolwezi au atalala njiani.

Mabishano juu ya magari haya yamejaa maneno makubwa: mazingira, mapinduzi ya teknolojia, kobalti, dunia ya kesho. Hayo yote yanaweza kusubiri. Swali la mkaaji wa Lubumbashi ni dogo zaidi. Ana kikao Kolwezi Jumatano, ana mke na watoto wawili ndani ya gari, na shemeji yake anamcheka kwa kununua gari lisilo na tangi. Je, atafika? Na atarudi?

Kwa gari la esansi au mazuti, mpango wa safari hiyo ni mfupi. Tangi la lita 50, gari linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100: hizo ni kilomita zaidi ya 600, yaani kwenda Kolwezi na kurudi Lubumbashi bila kufungua kifuniko cha tangi. Shofa anaangalia maji ya radieta, oili, gurudumu la akiba na jeki. Anaweka karatasi za gari karibu kwa ajili ya polisi wa barabarani, anahesabu pesa za peaji, anaondoka. Mafuta yakimwishia, kuna kituo mbele. Kituo kikiwa kimekauka, kuna kadafi pembeni ya barabara na bidoni zake. Kadafi akikosekana, kuna lori litakalosimama na kumnyonyea lita mbili kwa mpira. Safari inajipanga yenyewe njiani. Ndicho kile Wakongomani wanachokiita Kifungu cha 15, sheria ambayo haikuandikwa katika katiba yoyote inayotumika leo lakini kila mtoto anaijua: jitafutie.

Gari la umeme halijui Kifungu cha 15. Hakuna kadafi anayeuza umeme kwenye bidoni. Betri ikiisha kati ya Likasi na Fungurume, hata lori lenye roho nzuri halina la kutoa. Hata kuvutwa kwa kamba ni shida: watengenezaji wengi wanakataza kulivuta gari hilo huku magurudumu yanayozungushwa na mota yakigusa chini, kwa sababu mota inageuka kuwa jenereta na vyombo vyake vinaweza kuharibika. Linapaswa kubebwa mzimamzima juu ya gari lingine. Kwa hiyo mpango wote unafanyika nyumbani, usiku wa kuamkia safari, kwa kalamu na karatasi.

Tofauti ya kweli kati ya magari haya mawili iko hapo, zaidi ya kelele za injini au moshi. Moja linampa mwenyewe ruhusa ya kutofikiri mpaka taa nyekundu iwake. La pili linamlazimisha afikiri kabla.

Hesabu ya usiku

Umeme wa gari unapimwa kwa kilowati-saa, kama vile mafuta yanavyopimwa kwa lita. Tuseme gari lina betri ya kilowati-saa 60. BYD Atto 3, kwa mfano, ina 60 na nukta kidogo. Mtengenezaji anasema linakwenda kilomita 420 kwa mzigo huo wa umeme. Kilomita hizo zilipimwa kwenye mashine, kwa utaratibu wa Ulaya, si kwenye barabara yenye mashimo, foleni ya malori ya shaba na watu watano ndani pamoja na mfuko wa unga. Dereva anayekwenda kilomita 110 kwa saa, akipita malori kwa nguvu huku kiyoyozi kikiwaka, afadhali ahesabu kilowati-saa 20 kwa kila kilomita 100.

Kilomita 300 mara 20: ni kilowati-saa 60. Betri nzima. Dereva huyo anaingia Kolwezi akiwa na sifuri, au anasimama kilomita tano kabla ya mji, na shemeji anapata hadithi ya kusimulia mpaka Noeli.

Sasa apunguze mwendo. Upinzani wa hewa unaongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukizidishwa mara mbili, hewa inasukuma mara nne. Gari hilohilo likienda kwa utulivu, kilomita 80 kwa saa, linaweza kushuka mpaka kilowati-saa 15 hivi kwa kilomita 100. Safari nzima inakula 45, na dereva anafika Kolwezi na robo ya betri. Amepoteza nini? Saa moja: badala ya saa mbili na dakika 45, anatumia saa tatu na dakika 45. Na wanaoijua barabara hiyo wanajua kwamba malori yenyewe ndiyo yanayoamua mwendo. Foleni inayomkasirisha mwenye gari la mazuti inamlinda mwenye gari la umeme. Ni mara chache lori la madini linamfaidisha mtu aliye nyuma yake.

Kuna jambo lingine dogo linalofaa kuandikwa kwenye karatasi. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kolwezi iko juu zaidi, mita 1,400 na kitu. Kwenda ni kupanda kidogo, kurudi ni kushuka kidogo. Kwa gari la tani mbili, tofauti hiyo ni zaidi kidogo ya kilowati-saa moja. Si nyingi, lakini ni kilomita tano au sita, na kilomita tano zinaweza kuwa zile zinazomfikisha mtu kwenye lango la nyumba ya wageni.

Basi kwa nini Likasi? Kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayepanga safari isiyo na akiba. Mvua inanyesha, daraja limefungwa, gari linazunguka njia ya vumbi. Betri yenye miaka minne haina tena nguvu yake ya kwanza. Na umeme unaweza kuwa umekatika Kolwezi usiku huohuo. Mwenye gari la mazuti akikuta kituo kimefungwa anakwenda kwenye kingine. Mwenye gari la umeme akifika na asilimia tatu hana pa kwenda.

Likasi iko kilomita 120 kutoka Lubumbashi. Dereva wa mwendo wa kawaida, yule wa kilowati-saa 20, anafika pale akiwa ametumia 24. Zimebaki 36, na kilomita 180 zilizobaki zinataka 36 hizohizo. Ili afike Kolwezi na akiba ya moja ya tano, anahitaji kuongeza kilowati-saa 12 tu mjini Likasi.

Kumi na mbili. Safari nzima inaning'inia kwenye namba hiyo. Kwa priza ya kawaida ya ukutani, nyumbani kwa ndugu au kwenye hoteli, inayotoa kilowati mbili na kidogo, ni saa tano na nusu. Kwa chaja ya nyumbani iliyofungwa na fundi, ya kilowati 7, ni chini ya saa mbili: muda wa kula bukari na samaki na kusalimia wazee. Kwa chaja ya haraka ya kilowati 50, ni dakika 15, muda wa kwenda chooni na kununua maji. Betri ni ileile, na barabara na dereva ni walewale. Kilichobadilika ni unene wa waya unaofika Likasi.

Wanaolaumu betri wanalaumu kitu kisicho na kosa. Betri za leo zinatosha kwa barabara hii. Kinachokosekana ni mtandao wa vituo ambavyo dereva anaweza kuvitegemea kama anavyotegemea pampu, na kwa barabara hii mtandao huo ungeanza na kituo kimoja.

Ni lazima kusema pia kwamba hesabu hii haiwahusu wote. Nissan Leaf ya kwanza, ile ya betri ya kilowati-saa 24 iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, inauzwa leo kwa bei inayovutia ikitoka Japani ikiwa imetumika. Ilipokuwa mpya, Wamarekani waliipima kilomita 117. Betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji na inachakaa haraka kwenye joto. Mtu anayeinunua ikiwa imebakiwa na asilimia 70 ya nguvu amenunua gari la kilomita 80. Kwa kwenda kazini kutoka Golf au Kamalondo ni gari zuri na rahisi, lakini Likasi hatafika. Muuzaji hatamwambia.

Mke wa Benz na duka la dawa

Wanaodhani kwamba gari la mafuta lilizaliwa na vituo vyake wamesahau historia. Mwezi wa nane mwaka 1888, Bertha Benz, mke wa Mjerumani Carl Benz aliyetengeneza gari, alichukua gari la mume wake pamoja na wavulana wao wawili, Eugen na Richard, akaondoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim, kilomita zaidi ya 100. Mume hakuambiwa. Inahesabiwa kuwa safari ndefu ya kwanza ya gari duniani. Hapakuwa na kituo cha mafuta hata kimoja, kwa kuwa hapakuwa na magari. Mafuta yalipopungua, alisimama katika mji mdogo wa Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika cha kuondolea madoa kwenye nguo, kwenye duka la dawa. Bomba lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipoisha alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi.

Lile duka la dawa linaitwa leo kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Likasi ya mwaka huu ni Wiesloch ya 1888: fasi ambapo msafiri anaomba kwa mwenye nyumba kitu ambacho hakikuwekwa pale kwa ajili yake.

Na kwa wale wanaoona umeme kama mtindo mpya wa vijana: gari la kwanza kupita kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Liliendeshwa na Mbelgiji, Camille Jenatzy, mwezi wa nne mwaka 1899 karibu na Paris. Mafuta yalishinda baadaye kwa sababu pampu zilienea, na pampu zilienea kwa sababu kuna watu waliozijenga.

Umeme unapita juu ya vichwa

Likasi haiko jangwani. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, juu ya mto Lufira, yako karibu nayo. Mwadingusha linafanya kazi tangu mwaka 1930. Upande wa Kolwezi kuna Nzilo na Nseke juu ya Lualaba. Na kuna ile laini kubwa ya Inga, kilomita karibu 1,700 za nyaya zilizomalizika mwaka 1982, zikivuka nusu ya nchi mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi, juu ya vijiji ambavyo watu wake bado wanawasha kibatari. Esansi na mazuti ya Katanga, kwa upande wao, yanaingia kutoka nje, mengi yakipitia Kasumbalesa, na kila msukosuko wa mpaka unaonekana kwenye foleni za vituo vya Lubumbashi. Jimbo linanunua kwa wengine kile linachochoma, na linapitisha juu ya vichwa kile linachozalisha.

Hapa kuna pingamizi moja zito, na wanaotetea magari ya umeme mara nyingi wanalikimbia. Nchini Congo, mtu mmoja tu kati ya watano hivi anapata umeme. Katika hali hiyo, kumwekea mwenye gari la dola elfu kumi na kitu chaja ya kilowati 50 huku mtaa wa jirani uko gizani si tusi? Mama anayeuza samaki Likasi na kupoteza nusu ya mali yake kila umeme unapokatika ana haki ya kuuliza.

Ana haki, na jibu si kumwambia avumilie maendeleo. Jibu ni kwamba chaja hiyo isijengwe kwa pesa za umma, wala kwa zile asilimia 0.3 za mauzo ambazo sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za migodi zitenge kwa ajili ya jamii zinazozizunguka. Pesa hizo ni za visima, zahanati na shule; mwenye gari asiziguse. Chaja ijengwe na mfanyabiashara, yule anayeuza mafuta leo, na mwenye gari alipe kila kilowati-saa kwa bei inayomrudishia mjenzi gharama yake. Lakini transfoma itakayowekwa kwa ajili ya chaja haifanyi kazi saa zote. Magari yatakuwa machache kwa miaka mingi. Kati ya gari na gari, transfoma hiyohiyo inaweza kuendesha mashine ya kusaga mahindi na chumba cha baridi cha samaki, ikiwa mkataba na SNEL utaandikwa hivyo tangu mwanzo. Mamlaka za mkoa zina nguvu ya kudai hilo kabla ya kutoa kibali. Baada ya kibali, hawatakuwa nayo tena.

Wapo wanaosema tatizo litamalizwa na jenereta: kila nyumba ya wageni inayo. Wachukue tena ile kalamu. Jenereta ya mazuti inatoa kilowati-saa tatu hivi kwa lita. Zile 12 za Likasi zinataka lita 4, na zinampeleka dereva kilomita 60. Gari la esansi linakunywa lita 5 kwa kilomita hizohizo. Faida yote ya kununua gari la umeme imeishia kwenye moshi wa nyuma ya hoteli, pamoja na kelele. Jua linafaa zaidi: paneli za kilowati 5 juu ya paa la Lubumbashi zinaweza kutoa kilowati-saa 20 hivi kwa siku nzuri, kilomita 100 za barabara. Linafaa nyumbani, ambako gari linalala. Kwa msafiri mwenye haraka linafaa kidogo.

Kuna uamuzi mmoja ambao haugharimu hata franga na ambao serikali inauchelewesha bila sababu: kuchagua kichwa cha chaja. Magari ya mafuta duniani kote yana tundu moja, na mpira wa pampu unaingia katika Toyota, Benz au Fuso. Magari ya umeme hayako hivyo. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China yana kichwa cha aina ya GB/T. Yale ya Ulaya, na yale ambayo Wachina wanayatengeneza kwa ajili ya kuuza Ulaya, yana CCS2. Leaf za Japani zina CHAdeMO. Gari moja, jina moja, rangi moja, linaweza kuwa na kichwa tofauti kutegemea lilinunuliwa Guangzhou au Dubai. Mnunuzi anaona bei ya chini anafurahi, kisha anafika kwenye chaja ya kwanza ya haraka na kukuta tundu halilingani. Ni kama kununua simu ya bei rahisi ambayo chaja yake haiuzwi sokoni, isipokuwa simu hii ina uzito wa tani mbili.

Mfanyabiashara anayetaka kujenga kituo Likasi anakutana na fumbo lilelile: aweke kichwa gani? Akikosea, anakaa bila wateja. Kwa hiyo anasubiri, na wenye magari wanamsubiri. OCC inayokagua bidhaa zinazoingia na DGDA inayotoza ushuru ziko Kasumbalesa kila siku. Waraka mmoja wa kurasa mbili, unaosema aina moja inayokubaliwa na tarehe ya kuanza, ungefungua fumbo hilo. Congo na Zambia zilitia sahihi mwezi wa nne mwaka 2022, mjini Lusaka, mapatano ya kutengeneza betri za magari pamoja. Mikutano juu ya kiwanda cha betri haikomi. Juu ya priza, kimya. Na kuna kichekesho: betri nyingi za magari ya Kichina yanayoingia leo, pamoja na zile za BYD, ni za chuma na fosfati. Kobalti ya Kolwezi haimo ndani yake hata gramu.

Kwa wakaaji wa Kivu

Msomaji wa Goma au Bukavu anaweza kudhani habari hii ni ya Katanga peke yake. Lakini barabara ya kwenda Kigali inamfundisha jambo ambalo Lubumbashi haiwezi kumfundisha. Kutoka Rubavu, ng'ambo ya mpaka wa Goma, mpaka Kigali ni kilomita karibu 155, na zote ni milima. Gari la umeme linakula betri kwa uchoyo likipanda, mpaka dereva mgeni anaingiwa na hofu na kuanza kutafuta pa kusimama. Kisha linashuka, mota inageuka jenereta, na sehemu ya umeme inarudi. Mwenye kupanga safari ya milima hagawi betri kwa kilomita. Anaitazama njia nzima, juu na chini. Breki nazo zinachakaa polepole, jambo ambalo kila fundi wa magari ya mteremko atalipenda, au atalichukia kwa ajili ya biashara yake.

Rwanda ilianza na kodi: mwezi wa nne mwaka 2021 serikali yake iliondoa ushuru na TVA kwa magari ya umeme na vyombo vyake. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi, ikazuia kabisa mwanzoni mwa mwaka 2024 kuingiza magari madogo ya mafuta. Ni nchi inayofanana na Congo kwa mambo mawili: mito yake inazalisha umeme, na mafuta yake yote yanatoka nje. Lakini vituo vyake vingi vya kuchajia viko Addis Ababa, na mwenye gari anayetoka mji mkuu anarudi kwenye kalamu na karatasi. Marufuku bila waya ni kumhamishia raia kazi ya serikali. Congo isiige hilo.

Kwa Bukavu–Uvira kupitia mteremko wa Ngomo, au kwa njia za matope za Maniema na Ituri wakati wa mvua, jibu ni fupi: bado. Umbali si sababu, kwa kuwa betri ingetosha mara nyingi. Sababu ni kwamba betri iko chini ya sakafu, karibu na mawe, kwamba magari mengi ya aina hii yanauzwa bila gurudumu la akiba, na kwamba gari lililokwama haliwezi kuvutwa na trakta kama mengine. Na penye wasiwasi wa usalama, gari linalohitaji kusimama saa tano katika kijiji kisichojulikana halifai, hata lingekuwa la bure. Land Cruiser ya zamani itaendelea kutawala huko, na inastahili.

Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi mwenye kikao Jumatano afanyeje, wakati waraka wa serikali haujatoka na chaja ya Likasi ni ndoto? Achaji nyumbani mpaka asilimia mia usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Aondoke saa kumi na moja alfajiri, mapema kuliko shemeji, na asipite kilomita 80 kwa saa hata barabara ikiwa wazi. Anunue gurudumu la akiba ambalo muuzaji hakumpa. Mfuko wa unga auache. Lakini kabla ya hayo yote, Jumapili, apige simu kwenye nyumba ya wageni ya Kolwezi na kuuliza maswali matatu: kuna priza karibu na maegesho, waya wake unavumilia kilowati mbili usiku kucha bila kuyeyuka, na umeme huwa unakuwepo saa ngapi? Kama sauti ya upande wa pili inajibu kwamba umeme unarudi saa nne usiku, labda, basi ni gari la mazuti la shemeji litakalokwenda Kolwezi wiki hiyo.